Umempa Mtoto Dawa? Mwambie Mwenzako



Tukisikia neno uaminifu katika ndoa, wengi wetu tunafikiria habari za mwanamume au mwanamke wa nje. Leo tutazame uaminifu mwingine, ambao huonekana mdogo: uaminifu wa kijiko cha dawa.

Familia moja ninayoijua, huko sehemu za chini za Mbeere, ilikuwa na mtoto wa miezi saba. Jioni moja mtoto alipata joto. Mama alimpa dawa ya maji ya kutuliza maumivu, kisha akaenda kwenye sala za matanga kwa jirani. Hakumwambia mtu, kwa maana chupa ile aliinunua kwa pesa za sukari, naye aliogopa kuulizwa. Mtoto alipolia, nyanya yake akampa kijiko kingine. Saa nne usiku baba alifika, akasikia kilio, akasaga nusu ya tembe yake ya kichwa, akampa. Kila mmoja alimpenda mtoto huyo, na kila mmoja alinyamaza.

Asubuhi mtoto alikuwa amelegea na kutapika. Hospitalini muuguzi aliuliza: amepewa nini, kiasi gani, saa ngapi? Wote watatu walitazama chini. Mtoto alipimwa akakutwa na malaria, na kwa neema ya Mungu alipona. Lakini swali la muuguzi lilibaki katika nyumba ile.

Je, mama alitenda kosa? Wengine watasema hakudanganya, alinyamaza tu. Mimi naona hivi: kunyamaza si kosa siku zote, lakini mwenzako akiwa atatenda jambo kwa sababu hajui unalolijua, kimya chako kimetenda pamoja naye. Mtu mzima akiletewa tembe mara ya pili husema, "Nimeshameza." Mtoto mchanga hawezi. Kinywa chake ni baba na mama yake wakisemezana.

Na baba asijihesabie haki upesi. Nyumba ambayo mke huulizwa kila shilingi kwa ukali, ukweli huwa ghali kuliko dawa. Anayemfanya mwenzake aogope kusema ana sehemu yake katika kile kisichosemwa.

Tena tujiulize: usiku ule tunatibu maumivu ya mtoto, au tunanunua usingizi wetu? Mzazi aliyechuma majani chai kutwa anastahili kulala, wala si dhambi kuchoka. Lakini dawa ya kutuliza maumivu si dawa ya kumnyamazisha mtoto. Hushusha joto, haiui malaria. Mtoto akitulia kwa saa chache, ugonjwa unaweza kuwa unaendelea.

Basi tujue machache. Parasetamoli ikitumiwa sawasawa ni msaada mkubwa kwa mtoto. Kipimo chake hufuata uzito wa mtoto. Kati ya dozi moja na nyingine zipite angalau saa 4, na zisizidi 4 katika saa 24. Ikizidi huharibu ini, na siku ya kwanza mtoto anaweza kuonekana mzima. Tumieni kipimo kilichokuja na chupa, si kijiko cha chai. Chupa ya matone inaweza kuwa na dawa kali kuliko ile ya kijiko, kwa hiyo someni maandishi, au mwombeni mwenye duka la dawa awaeleze.

Aspirini asipewe mtoto, isipokuwa daktari ameagiza. Tangu miaka ya 1980 Uingereza na Marekani zimewaonya wazazi, kwa kuwa imehusishwa na ugonjwa wa Reye, unaodhuru ubongo na ini. Baadhi ya tembe za kichwa zinazouzwa moja moja vibandani zina aspirini ndani yake, nyingine pamoja na kafeini. Kuikata nusu hakuifanyi iwe dawa ya mtoto. Na mtoto wa chini ya miezi 3 akipata joto, msijaribu dawa yoyote nyumbani. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mkigundua kwamba mtoto amepewa dawa kupita kiasi, nendeni mara moja na chupa mkononi, msisubiri dalili.

Mnakumbuka wanawake wawili waliosimama mbele ya Mfalme Sulemani. Mama wa kweli alikubali kushindwa kesi ili mtoto aishi. Nasi tukubali kushindwa: kukubali kuulizwa juu ya pesa, kukubali kusema "nilikosea kipimo," kukubali kwamba nyanya alitenda kwa upendo, naye aambiwe kwa heshima. Bandikeni karatasi ukutani; anayempa mtoto dawa aandike jina lake, kiasi na saa. Asiyejua kuandika amwambie mwingine kabla ya kutoka.

Leo jioni, mkimaliza sala ya familia, ulizaneni: Je, mwenzangu ananiogopa mimi kuliko anavyohofia afya ya mtoto wetu? Na kama ndivyo, nibadilike wapi?

Mungu azibariki nyumba zenu.