Jasho la Mtu na Maji ya Mto

Katika darasa letu la usiku wa Alhamisi pana sanduku dogo la kusaidiana. Kila mwenye wasaa hutia alichojaaliwa, na mwenye kutaka mtaji huleta haja yake tukaitazama, akakopeshwa pasi na ziada yoyote. Mwezi uliopita zilitujia haja mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kijana mwenye duka linalokwenda vyema, ataka kulipanua. Ya pili ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuanguka mara mbili katika biashara ya mchele, ataka kuanza mara ya tatu. Yule wa kwanza tulimpa kabla kahawa haijapoa. Wa pili tulimwambia angoje, na alipotoka, mmoja wetu alisema, "Huyu hana bidii. Lau angekuwa nayo tungaliiona." Sote tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kulikuwa ni kukubali.

Siku chache baadaye tulipata kuyajua yale yaliyotupasa kuyauliza mbele yake. Mtu huyu alikuwa akinunua mpunga Ahero, akiwapa wakulima fedha mapema ili auchukue wakati wa mavuno. Mara ya kwanza maji yalikatika miche ikiwa ingali michanga. Mara ya pili ilikuwa ni mwanzo wa mwaka 2023, walipovamia ndege wa kwelea kwelea katika mashamba ya mpunga ya Kisumu, wakala nafaka mashinani. (Yako pia mas'ala ya sheria katika kununua mazao ambayo bado hayajakomaa, na huenda hapo ndipo lilipo kosa lake la kweli. Mas'ala hayo yana darasa lake, na usiku ule hakuna aliyeyataja. Tulilolitaja ni uvivu.)

Ahero ni mji mdogo katika uwanda wa Kano, kando ya mto Nyando, katika barabara itokayo Kisumu kwenda Nairobi. Katika miaka ya 1960 serikali ilianzisha huko mashamba ya mpunga chini ya Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji, iliyoundwa mwaka 1966, na kila jamaa ikapewa ekari nne. Yule ana nne na huyu ana nne; udongo ni ule ule mweusi, na mbegu ni moja. Mwenye kutaka kujua kwa nini mmoja hufaulu na mwenziwe hafaulu, hapati mahali pazuri zaidi pa kutazama.

Na kwa hakika tofauti zipo. Yuko anayepandikiza miche kwa wakati, akapalilia, akaamka alfajiri kuwafukuza ndege. Na yuko anayechelewa katika yote hayo, kisha akastaajabia upungufu wa magunia yake. Wala hatutaki kusikia kwamba huyo wa pili ameandikiwa. Tumechoshwa na watu wanaoifanya kadari kuwa mto wa kulalia. Bidii ni wajibu, na aiachaye ataulizwa.

Lakini tazama zaidi, ndugu msomaji. Aliyechelewa kupandikiza huenda alichelewa kwa sababu trekta ililima kwanza shamba la mwenye fedha taslimu. Aliyeuza mpunga wake ungali shambani, kwa bei ya kutupa, huenda aliuuza kwa kuwa mtoto yu hospitali. Mwaka wa pili huyu ana madeni na yule ana akiba, na apitaye barabarani huwaona wote wawili, akasema, "Huyu ana bidii, huyu hana."

Haya ni baina ya jirani na jirani. Sasa mlinganishe mkulima wa Ahero na wa Mwea, ambaye mchele wake twausifu sana katika karamu zetu. Huko Mwea, mito ya Thiba na Nyamindi hushuka kutoka upande wa mlima Kenya, na maji huingia katika mifereji kwa mteremko wa ardhi yenyewe. Na tangu mwaka 2022 pana bwawa kubwa la Thiba la kuyaweka akiba. Huko Ahero mto uko chini na majaruba yako juu yake. Maji hayapandi ila yavutwe kwa mashine za umeme, na umeme ni fedha. Deni likizidi mashine husimama, na zikisimama, hukauka shamba la mchapa kazi na shamba la mvivu kwa siku moja. Hata mtu awe hodari namna gani, maji yake yamo katika malipo ya jirani yake.

Na huo mteremko wa Mwea, nani aliyeutengeneza? Si mkulima. Na mifereji yake ya kwanza ilichimbwa katika miaka ya 1950 na watu waliowekwa kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau, wasioulizwa kama wataka kuchimba au hawataki.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kwa miaka mingi mapato ya Mwea ndiyo yaliyosaidia kuziendesha mashine za mahali kama Ahero. Mwaka 1998 na 1999 wakulima wa Mwea waliasi. Walikataa kuipa Bodi mpunga wao kwa bei waliyoiona ni ya dhulma, na sisi hatuwalaumu. Lakini matokeo yake ni kwamba Bodi ilikosa fedha, na ulipoingia mwaka 2000 mashamba ya Ahero yalisimama, yakakaa miaka kadhaa bila ya mpunga. Watu wa Ahero hawakuacha bidii mwaka ule. Walikuwa ni wale wale wa mwaka uliotangulia.

Msomaji wa pwani akiona Ahero ni mbali, basi atazame Hola, hapa kwetu katika mto Tana. Mwaka 1989 mto wenyewe ulihama njia yake, mashine za kuvutia maji zikabaki kavu, na wakulima wakarudi kutafuta chakula cha msaada. Je, tuseme mto ulihamishwa na uvivu wao?

Karuni alipoulizwa juu ya hazina zake alijisifu kwa elimu yake. Hatudhani kwamba alisema uwongo mtupu. Huenda alikuwa na elimu kweli. Kosa lake ni kwamba aliifanya hesabu nzima ya mali yake, akajiona humo yeye peke yake. Na mwenye kujihesabu hivyo hana budi kumhesabu maskini vivyo hivyo: akiwa utajiri wangu ni wa mkono wangu, basi na ufukara wako ni wa mkono wako, na mimi sina deni kwako.

Sisi watu wa pwani tulistahili kuwa wa mwisho kusema neno lile. Tumeitwa wavivu tangu enzi za Mwingereza. Aliyetuita hivyo hakutaja sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, ambayo kwayo ardhi isiyodaiwa kwa karatasi iligeuka kuwa ya serikali, na watoto wa wenyeji wakazaliwa maskwota katika mashamba ya babu zao. Uchungu wa neno hilo twaujua, kisha tukalitoa vinywani mwetu juu ya mtu aliyetujia usiku akiwa na haja.

Haja yake itasomwa tena Alhamisi ijayo. Yule ndugu aliyesema kwamba hana bidii ameomba awe yeye wa kumuuliza, na maswali ameyaandika: mpunga ataununua kabla ya kuvunwa au baada yake, atauhifadhi wapi, na maji yakikatika tena ana njia gani. Ni maswali mazuri, nasi twaona aibu kwamba mwenye duka hakuulizwa hata moja. Sandukuni, baada ya kumpa yule, kimesalia chini ya nusu ya anachokiomba huyu.