Kumpima Mgeni Damu



Zamani katika mwambao huu wetu binadamu walipimwa. Watumwa waliofikishwa Bagamoyo na misafara ya bara walivushwa mpaka soko la Unguja, lililofungwa mwaka 1873, na huko wanunuzi waliwafunua vinywa, wakawapapasa mikono na miguu, wakawatembeza huku na huku wapate kujua kama ni wazima. Mzima alipanda bei. Mgonjwa alidharauliwa, kwa kuwa hakuwa na faida.

Siku hizi mgeni hupimwa tena, lakini hospitalini. Mkimbizi mgonjwa hutolewa damu kidogo, ichunguzwe kama ina virusi vya UKIMWI, au vya homa ya ini ya aina ya B au ya C. Yatupasa kujiuliza: je, kipimo hiki kitafanana na kile cha sokoni, au kitakuwa kinyume chake?

Kwanza tufahamu sababu yake. Maradhi hayo matatu huweza kukaa mwilini miaka mingi bila kujionyesha. Mtu hulima, huoa, huzaa, kumbe ini lake laharibika kimya kimya. Tena vita huyapa njia: sindano zisizo safi, damu iliyotiwa bila kuchunguzwa, wanawake walionajisiwa, watoto waliokosa chanjo. Si kwamba damu ya mkimbizi ni mbaya kuliko yetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa na homa ya ini ya aina ya B, na walio wengi hawakujua. Katika hao wamo jamaa zetu wenyewe.

Na wakimbizi hao ni nani? Wengine ni ndugu zetu hasa. Katika karne ya 19 Wazigua, ambao nchi yao ni kati ya mito ya Wami na Pangani, walipatwa na njaa na utumwa, na wengi wakachukuliwa kwa majahazi hata Somalia. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wajukuu wao walikimbia vita wakarudi Tanzania, na wengi walikuwa wangali wakisema Kizigua. Walikaa Mkuyu, wilaya ya Handeni, kisha mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo, na Serikali ikawafungulia mlango wa uraia. Wengi wao ni Waislamu. Jambo hilo halitupunguzii wajibu hata kidogo. Babu zao walipimwa ili wauzwe. Itakuwa aibu iliyoje, wajukuu wakipimwa ili wakataliwe!

Hofu ya kukataliwa si ndoto. Tangu mwaka 1987 mpaka mwanzo wa mwaka 2010 Marekani iliwazuia wageni wenye virusi vya UKIMWI, na mkimbizi aliyetaka kuhamia huko alihitaji ruhusa ya pekee. Basi tusishangae mama akiuficha mkono wake aonapo sindano.

Kumpima mgeni ni tendo la upendo likiwa na mambo matatu. La kwanza ni ridhaa: aelezwe kwa lugha aifahamuyo, naye akubali mwenyewe. La pili ni siri: majibu ni yake, si ya kijiji. Sheria yetu ya UKIMWI ya mwaka 2008 yayalinda yote mawili. La tatu ni dawa. Homa ya ini ya aina ya C huponywa kwa vidonge, mara nyingi kwa muda wa wiki 12. Virusi vya UKIMWI hutulizwa kwa dawa za kila siku. Aina ya B ni vigumu kuiondoa kabisa, walakini dawa za kuizuia zipo, na chanjo apewayo mtoto katika saa 24 za kwanza za maisha yake humkinga na maambukizo ya mama.

Tumkumbuke Msamaria wa Injili. Hakuogopa damu ya mtu asiyemjua, wala hakumwuliza kabila. Alimfunga majeraha, akamfikisha penye nyumba ya wageni, akamlipia. Tuseme angaliyatazama majeraha, akayahesabu, akayaandika daftarini, kisha akashika njia yake: angalikuwa na tofauti gani na wale wawili waliotangulia kupita?

Enyi waganga na wauguzi, msipime damu ya mtu ambaye hamkukusudia kumtunza. Enyi majirani, kushikana mikono na kula sahani moja hakuambukizi maradhi haya; msimtenge mtu. Nanyi mlio wageni kwetu, kubalini kupimwa, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Sokoni mgonjwa alitafutwa ili aachwe. Kwetu na atafutwe ili asipotee hata mmoja. Mungu atujalie moyo huo.