Jeshi Linapomng'oa Dhalimu

Jeshi linapomng'oa mtawala wa mabavu, maswali mawili ya kimaadili hujitokeza. La kwanza ni kama askari aliyekula kiapo cha utii anaruhusiwa kuasi amri. La pili ni kama kumwondoa dhalimu kunampa aliyemwondoa haki ya kukalia kiti chake.

Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, alilijibu la kwanza. Utawala wa dhalimu hutafuta manufaa ya mtawala, si ya wote. Kwa hiyo kuuangusha si uasi, na mwasi hasa ni dhalimu mwenyewe anayepandikiza mafarakano kati ya watu. Aliweka sharti moja: vurugu za kumwondoa zisiwaumize watu kuliko udhalimu wenyewe.

Swali la pili ni gumu zaidi. Ikiwa kosa la dhalimu ni kutawala bila ridhaa ya watu, askari anayeshika nafasi yake na kung'ang'ania analirudia kosa lile lile. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katika kitabu chake Jamhuri, aliwataka walinzi wa mji walelewe wawe wapole kwa wenyeji na wakali kwa adui. Aliwakataza pia kumiliki ardhi, dhahabu na fedha, maana mlinzi mwenye mali hugeuka bwana wa raia.

Ureno inaonyesha jinsi jeshi linavyoweza kuachia madaraka. Tarehe 25 Aprili 1974, maafisa wa ngazi ya kati waliochoshwa na vita vya kikoloni Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji waliiangusha serikali ya Marcelo Caetano. Waliahidi uchaguzi wa Bunge la Katiba ndani ya mwaka mmoja, nao ukafanyika tarehe 25 Aprili 1975. Zaidi ya asilimia 90 ya waliojiandikisha walipiga kura. Hata hivyo, Katiba ya 1976 iliwaachia wanajeshi Baraza la Mapinduzi, lililokuwa na uwezo wa kuamua kama sheria zinakubaliana na Katiba. Baraza hilo lilivunjwa kwa marekebisho ya 1982, na Mahakama ya Katiba ikaundwa. Kurudisha madaraka kulichukua miaka minane.

Misri na Sudan zilielekea kwingine. Rais wa Misri Hosni Mubarak alipoondoka madarakani Februari 2011, Baraza Kuu la Jeshi lilishika nchi. Mohamed Morsi, aliyechaguliwa kuwa rais 2012, alipinduliwa na jeshi Julai 2013. Nchini Sudan, jeshi lilimwondoa Rais Omar al-Bashir Aprili 2019, likagawana madaraka na raia, kisha likaivunja serikali hiyo ya pamoja Oktoba 2021. Aprili 2023, jeshi na kikosi cha wanamgambo cha RSF (Rapid Support Forces), vilivyoshirikiana katika mapinduzi ya 2021, viligeuziana silaha. Katika nchi zote mbili wanajeshi walikuwa na makampuni na miradi mikubwa, hivyo kurudi kambini kulitishia mali zao pamoja na madaraka. Plato alikwisha kuonya.

Madaraka ya jeshi katika kipindi cha mpito ni amana, na Qurani inaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe. Dhamira njema ya maafisa haitoshi kuhakikisha hilo. Panahitajika tarehe ya uchaguzi isiyosogezwa, bajeti ya jeshi inayokaguliwa na Bunge, na amri kuu iliyo mikononi mwa kiongozi aliyechaguliwa. Jeshi linaloyakataa masharti haya halina tena hoja ya kulitofautisha na dhalimu liliyemwondoa.