Samaki wa Baruti na Mwenye Kumnunua

Huulizwa katika miji ya pwani: samaki aliyeuawa kwa baruti, yafaa kuliwa? Swali hili lina jawabu jepesi na jawabu zito, na watu wengi hupenda kusimama kwenye lile jepesi. Husema: mfu wa bahari ni halali kwa Hadithi ya Mtume, salla Allahu alayhi wa sallam, basi huyu atakuwaje haramu? Nao wasema kweli kwa upande wa nyama. Hapana mwanachuoni awezaye kumgeuza changu kuwa nguruwe kwa sababu amekufa kwa mshindo. Lakini nyama ni jambo moja, na njia iliyomfikisha samaki chunguni ni jambo jingine.

Njia yenyewe ni hii. Mvuvi hushindilia mbolea na mafuta ndani ya chupa, akawasha utambi, akaitupa juu ya mwamba. Mshindo humpasua samaki kibofu cha hewa na kumvunja uti, mkubwa na mchanga, atakiwaye na asiyetakiwa. Na wengi huzama wasiokotwe. Matumbawe, ambayo ndiyo nyumba na malisho yao, husagika yakawa kokoto. Yale makubwa ya mviringo hayaongezeki hata upana wa kidole kwa mwaka; basi lililojengwa tangu enzi za mababu huvunjwa kwa dakika moja kwa ajili ya kapu moja. Katika pwani ya Tanzania uvuvi huu ulianza kuenea miaka ya 1960, na sheria ikaukataza mwaka 1970, kisha tena mwaka 2003. Wako waliopoteza mikono yao kwa chupa hizo, na wenziwao wasikome.

Ama mnunuzi, yeye husema: samaki ameshakufa, nisipomchukua mimi atachukuliwa na mwingine. Wala hawezi kudai kuwa hakujua. Wauza samaki na wanawake wa jikoni wazijua alama zake: nyama hulegea upesi, damu huvilia tumboni, na mfupa wa mgongo huonekana umekatika. Aliyekwisha kuziona kisha akatoa fedha, amenunua samaki wa leo na amelipia chupa ya kesho.

Katika Hadithi ya Nuuman bin Bashir, iliyopokewa na Bukhari, watu walipiga kura katika jahazi, baadhi yao wakapata juu na baadhi chini. Wa chini, kwa taabu ya kupanda kuteka maji, wakaazimia kutoboa upande wao. Wakiachwa huangamia wote, na wakizuiliwa huokoka wote. Wasomaji wengi wa Hadithi hii humtazama mtoboaji peke yake. Mnunuzi wa samaki wa baruti hakushika kekee, lakini ndiye atoaye ujira wa kutoboa, na Qurani imekataza kusaidiana katika dhambi na uadui.

Magharibi ya Chake Chake, Pemba, kiko kisiwa cha Misali, ambacho wenyeji hulinasibisha jina lake na msala, kwa kisa cha Nabii Khidhri kusali hapo. Kilifanywa hifadhi mwaka 1998, na masheikh wakawafundisha wavuvi kwamba matumbawe, samaki na kasa wanaotaga pwani yake ni amana, wala si ngawira. Mafundisho hayo yaliwaingia wengi kuliko tangazo la serikali, nalo si ajabu: boti ya askari huweza kukwepwa usiku.

Ama fakiri mwenye watoto wenye njaa, asiyepata kitoweo kingine, huyo halaumiwi kama alaumiwavyo mwenye mkoba uliojaa. Dharura ina hukumu yake, na hupimwa kwa kadiri yake. Lakini sokoni wengi hawana dharura. Wana haraka tu, na dema la jirani lenye tasi wazima limewekwa hatua kumi mbele, kwa bei iliyozidi kidogo.