Jua la Machakos Halikupimwa

Palikuwa na kijana wa chuo cha ufundi mjini Machakos aliyetaka kupitisha muziki kwenye mwanga wa taa. Alikuwa amesikia habari za Profesa Harald Haas, ambaye mwaka 2011 mjini Edinburgh alionyesha video ikisafiri kwa mwanga wa taa ya meza. Akili yake yote ikaenda kwenye taa. Akatafuta LED kali, akaifungia kibati cha kuakisi mwanga, akakipaka rangi hata kisanduku chake. Kipokezi alikiunga jioni moja tu: fotodiodi ya BPW34, ampilifaya ya LM358, rezista ya megaomu 1, betri ya volti 9. Usiku ule chumbani wimbo ukatoka spikani safi kabisa.

Siku ya maonyesho akapanga meza uwanjani. Kimya. Akaisogeza taa, akaigeuza, kimya. Mwalimu wake hakuigusa taa. Alichukua mita akapima volti zinazotoka kwenye ampilifaya: zimekwama juu ya 7, hazipandi wala hazishuki.

“Mwalimu, niongeze kapasita ya kuzuia jua?”

“Utaiweka baada ya ampilifaya, nayo imekwisha kulemewa. Jua limeingia kabla ya wimbo wako, kijana wangu.”

Hesabu yenyewe ni fupi, na karatasi ingetosha. Kwa rezista ile, mkondo wa maikroampia 8 tu unaijaza ampilifaya hadi ukingoni. Fotodiodi ile ikielekezwa jua la mchana hutoa miliampia kadhaa, yaani mamia ya mara zaidi. Hata walipohamia ukumbini hakupata nafuu: taa za stima zilimpa mngurumo wa mara 100 kwa sekunde, maana stima yetu ni ya mizunguko 50 na taa huwaka kwa nguvu mara mbili katika kila mzunguko.

Kinachouma ni kwamba dawa ilikuwa karibu: bomba jeusi mbele ya fotodiodi, rezista ndogo zaidi, na kichungi cha buluu, kwa kuwa LED nyeupe za kawaida huanza na mwanga wa buluu. Kipaji alikuwa nacho. Alikitumia chote upande wa kutuma.

Walimu wa vyuo vyetu vya ufundi, tafadhali, kazi za namna hii zikaguliwe nje, saa sita mchana, kabla ya kupewa alama.