Rangi ya Gari la Kale na Wajibu wa Kusema Kweli

Je, mtu anayefufua gari la kale ana wajibu wa kulirudishia rangi ya kiwandani, au ni mali yake na anaweza kulipaka rangi yoyote aitakayo? Swali hili huwagawanya wenye magari ya zamani ya michezo. Wapo wanaosema kwamba gari la kale ni kumbukumbu, na kumbukumbu haibadilishwi. Wengine hujibu kwamba aliyenunua ndiye mwenye kauli. Mimi naona pande zote mbili zinatafuta kosa mahali ambapo halipo.

Tuchukue mfano wa Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953. Gari aina ya Datsun 240Z liliyashinda mwaka 1971, likiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, na tena mwaka 1973, likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Magari hayo yalikuwa mekundu, yenye boneti jeusi lisilong'aa ili mwanga wa jua usimrudie dereva machoni. Weusi huo ulikuwa na kazi. Leo mtu anaweza kununua 240Z la kawaida, ambalo halijawahi kugusa tope la Safari, akalipaka rangi hizohizo. Je, amekosea?

Ili kujibu, tujiulize kwanza ni nini kinacholifanya gari liwe lilelile. Plutarch anasimulia kwamba Waathene waliihifadhi meli ya Theseus kwa kubadilisha kila ubao uliooza, hata wanafalsafa wakabishana kama bado ni meli ileile. Karne nyingi baadaye, Thomas Hobbes aliuliza: mbao za zamani zikikusanywa na kuundwa meli ya pili, ya Theseus ni ipi? Gereji hukutana na swali hilo kila siku. Fundi wa bodi hukata bati lililoliwa na kutu, huchomelea jipya, hupaka puti, hupiga msasa, kisha hupuliza rangi. Hata anayerudisha rangi ya kiwandani ameleta rangi mpya inayofanana na ya kwanza. Kwa hiyo uhalisi wa gari hauwezi kusimama juu ya rangi peke yake.

Kwa maoni yangu, unasimama juu ya historia inayosimuliwa bila kufichwa. Mwaka 2002, lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya Goma, jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka. Watu walirudi wakajenga juu ya lava ileile, na mji ukabaki Goma. Mawe yake meusi bado yanaonekana, na hakuna anayejifanya kwamba mlima haukulipuka.

Basi aliyelipaka 240Z lake nyekundu na nyeusi kwa mapenzi, akakiri kwamba ni nakala, hajamdhulumu mtu. Akimwacha mnunuzi aamini kwamba lilishindana katika Safari, rangi imegeuka ushahidi wa uongo. Hapa Gisenyi magari ya michezo ya kale ni nadra, lakini jambo hili linatuhusu. Gari lililopinduka likinyooshwa na kupakwa rangi, mnunuzi huona linavyong'aa tu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Chesisi iliyopinda ikija kushindwa kwenye kona ya mlimani, watakaoumia ni abiria ambao hawakushiriki katika biashara hiyo.

Huenda mtu akasema kwamba mnunuzi ana macho, akague mwenyewe. Lakini puti ikipakwa kwa ustadi haionekani, na si haki kumlaumu mtu kwa kutoona kilichofichwa. Wengine watasema fundi hutekeleza tu alichoagizwa. Ni kweli, rangi huchaguliwa na mwenye gari. Hata hivyo, fundi ndiye aliyeliona bati likiwa wazi, na akiulizwa na mnunuzi hana ruhusa ya kudanganya.

Ninahitimisha kwamba mwenye gari achague rangi aipendayo, ila kila ukarabati uandikwe na kupigwa picha, na kumbukumbu hizo zimfuate kila mmiliki mpya. Rangi ni ya mwenye gari. Historia ya gari ni ya kila atakayelinunua na kila atakayelipanda.