Kutafuta Chanzo na Kutafuta Mchawi

Kitu kilichokuwa kikifanya kazi kikisimama ghafla, binadamu hupatwa na maswali mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni, Kimesimama kwa nini? La pili ni, Nani aliyekisimamisha? Maswali haya hufanana kama ndugu wa tumbo moja, na kwa sababu hiyo watu wengi huyadhani kuwa ni swali moja. Lakini la kwanza hutafuta chanzo. La pili hutafuta mtu. Waswahili wana msemo wao kwa tabia ya kuliruka la kwanza na kulikimbilia la pili: husema fulani anatafuta mchawi, hata kama jambo lenyewe halihusiani kabisa na ulozi. Timu ikifungwa hutafutwa mchawi. Duka likifilisika hutafutwa mchawi. Mwana akishindwa mtihani hutafutwa mchawi. Linalostahili kuchunguzwa ni kama mtu ana haki ya kuliuliza swali la pili kabla hajalimaliza la kwanza.

Mfano na utolewe katika kitu kidogo, kwa kuwa katika kitu kidogo hoja huonekana bila ya vumbi la hasira. Ichukuliwe kuwa mtu mmoja wa Kibiti, mji ulio kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi, ana gari kuukuu la Mercedes la aina ya W126, ambayo ilianza kutolewa mwaka 1979. Kiti cha dereva katika gari hilo huendeshwa kwa umeme, na swichi zake zimewekwa mlangoni zikiwa na umbo la kiti chenyewe, hata asiyejua kusoma huelewa abonyeze wapi. Jana gari liliendeshwa na mpwa wake, kijana mrefu, aliyekirudisha kiti nyuma kabisa. Leo mwenyewe, ambaye ni mfupi, anabonyeza swichi na kiti hakiji mbele. Mguu wake haufiki sawasawa kwenye breki. Kilichoonekana kuwa ni anasa sasa kimekuwa jambo la uhai, maana dereva asiyeifikia breki ni hatari kwake na kwa kila apitaye njiani.

Hapo watuhumiwa hujipanga wenyewe. Yupo mpwa, aliyekitumia kiti mara ya mwisho. Yupo kijana aoshaye magari, ambaye juzi alimwaga maji mengi ndani. Yupo fundi wa redio, aliyefungua mlango wiki iliyopita. Kila mmoja alikuwa karibu na gari, na kwa mtu mwenye hasira ukaribu hutosha kuwa ushahidi. Mpwa ni damu, na fundi wa redio ni mtu wa maneno mengi. Basi lawama huteremka mpaka kwa yule asiyeweza kujitetea, yaani mwosha magari. Ni ajabu jinsi lawama inavyofuata mteremko kama maji.

Fundi mwema wa umeme haanzi kwa kuuliza nani. Huanza kwa sikio. Hubonyeza swichi na kusikiliza. Mota ikinguruma na kiti kisiende, umeme hauna hatia: huenda kebo inayozunguka imeliwa ncha, au gia imevunjika, au sarafu imeangukia katika reli na kukikaba kiti. Kukiwa kimya kabisa, basi hufuata njia ya umeme hatua kwa hatua, toka betri hadi fyuzi, toka fyuzi hadi swichi, toka swichi hadi mota, na toka mota kurudi kwenye bodi ya gari kwa waya wa ethi. Njia hiyo ni duara. Likikatika mahali popote, pote husimama, na aliyetazama upande mmoja tu hajatazama. Fundi huanza na kilicho rahisi kufikiwa na rahisi kugharimiwa, siyo kwa uvivu, bali kwa sababu hapana haki ya kukihukumu kitu cha thamani kubwa na hali vya thamani ndogo havijaulizwa.

Kuna mtego katika kazi hii ambao wanafalsafa wangeupenda. Fundi asiye makini huchomoa waya za mota, huzigusisha taa ndogo ya kupimia, na mtu mwingine hubonyeza swichi. Taa inawaka vizuri. Basi husema, Umeme unafika, kwa hiyo mota imekufa, nunua nyingine. Hoja hiyo yaonekana kamili, lakini ni batili. Taa ya wati 5 katika umeme wa volti 12 huhitaji kiasi cha ampea 0.4 tu, mota ya kiti yaweza kuhitaji ampea 10. Ikiwa bolti ya ethi iliyo chini ya zulia imeliwa na kutu hata ikaleta upinzani wa omu 1, taa haitapungukiwa hata nusu volti, na jicho halitatambua. Mota ikirudishwa mahali pake katika njia hiyo hiyo itabakiwa na volti kama 6 na nusu, wala haitaweza kuuinua uzito wa mtu. Taa haikusema uongo. Ilisema kweli juu ya mzigo wake yenyewe. Kosa ni la aliyeuchukua ushahidi wa mzigo mdogo akauhukumia mzigo mkubwa. Kipimo cha haki ni kupima mota ikiwa mahali pake na swichi ikiwa imebonyezwa, au kuipa mota waya mbili moja kwa moja kutoka betri. Ikizunguka, basi ilisingiziwa.

Na kutu hiyo ilitoka wapi? Delta ya Rufiji ndiyo yenye msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko katika Tanzania. Maji ya bahari huingia na kutoka humo kila siku. Gari linaloshushwa mara kwa mara hadi kwenye vijito kuchukua kamba na samaki hurudi na tope la chumvi katika nyayo za abiria na maji ya chumvi katika matenga. Chumvi na unyevu huikalia bolti mwaka baada ya mwaka. Ndoo moja ya mwosha magari, tena ya maji matamu, haikufanya kazi ya miaka hiyo yote.

Mtu aweza kupinga na kusema kuwa si kila chanzo hakina mtu. Fundi wa redio angeweza kweli kuilegeza waya na kunyamaza. Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake limo katika utaratibu. Chanzo kikijulikana humwongoza mtafutaji hadi kwa mwenye kosa, kama yupo: waya iliyolegezwa ina alama ya bisibisi, na kutu haina. Lakini mwenye kosa akishachaguliwa kwanza, hawezi kumwongoza mtu yeyote hadi kwenye chanzo. Mwosha magari aweza kufukuzwa, kutukanwa, hata kupigwa, na kiti kitabaki pale pale.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya Wazande, wakaao mpakani mwa Sudani Kusini na Kongo, Evans-Pritchard alieleza habari ya ghala linaloanguka na kuwaumiza watu waliokaa chini yake kukimbia jua. Wazande wanajua vema kwamba mchwa walizila nguzo. Wanachouliza ni kwa nini lianguke saa ile ile ambayo watu wale wale walikuwa chini yake. Mchwa hawalijibu swali hilo, na uchawi hulijibu. Mwenye gari wa Kibiti naye angeweza kusema: kutu imekula miaka kumi, kwa nini imalize kazi leo, siku ninayompeleka mama hospitali? Haifai kumcheka. Swali lake ni swali la huzuni, na huzuni ina haki ya kuuliza. Isichokuwa na haki nacho ni kumtwaa jirani kuwa jibu. Baina ya kusema sijui kwa nini leo, na kusema ni fulani, kuna shimo ambalo watu wengi wametupwa ndani yake.

Hayo si maneno ya kupamba. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza vikongwe waliuawa kwa miaka mingi kwa kudhaniwa wachawi, na moja ya dalili walizoshikiwa ni macho mekundu. Macho yale yalikuwa na chanzo: moshi wa maisha mazima ya kupika kwa kuni na kwa kinyesi cha ng'ombe. Aliyeuliza macho haya yamekuwa mekundu kwa nini angelifika jikoni. Aliyeuliza nani amemwua mtoto wangu alifika kwenye panga. Ng'ombe aliyekufa kwa ndigana na mtoto aliyekufa kwa malaria hawakurudi.

Lipo pia kosa la kuhukumu kizima kwa ajili ya sehemu. Historia ya delta yenyewe ina mfano. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha Rufiji kwa kuwa mitambo yake iliharibika. Wajerumani hawakuitupa meli. Waliifungua sehemu mbovu, na Waafrika wengi, ambao vitabu havikuandika majina yao, waliikokota nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam na kuirudisha. Hata baada ya meli kuangamizwa tarehe 11 Julai 1915, mizinga yake 10 ilitolewa majini ikatumika vitani bara. Meli ilikufa, mizinga haikufa. Vita vile havikuwa na heri kwa wenyeji, lakini macho yaliyotenganisha kilichovunjika na kilicho kizima yalikuwa macho ya kweli.

Macho kama hayo yanahitajika zaidi kwa watu kuliko kwa vyuma. Mwaka 2017 jina la Kibiti lilisikika nchini kote kwa mauaji ya viongozi wa vijiji na ya askari. Mwezi wa Aprili polisi 8 waliuawa kwa siku moja. Asemaye tangu hapo “watu wa Kibiti” kwa sauti ya kushuku, akiwachanganya wauaji na wajane wa waliouawa, amefanya kama fundi auzaye gari zima kuwa chuma chakavu kwa ajili ya bolti moja, naye hana hata udhuru wa kutojua umeme.

Kwa nini basi tabia hii hudumu? Sababu moja ni malipo, na haisemwi sana. Fundi atumiaye saa mbili kutafuta na dakika tano kuisugua bolti kwa msasa huulizwa amefanya kazi gani hata adai fedha. Aliyeuza mota mpya hulipwa bila ya neno, na ile ya zamani, iliyo nzima, huichukua nyumbani. Watu hulipia kitu kinachoonekana, kutafuta hakuonekani. Waganga nao wako katika soko hilo hilo. Utenzi wa Hasani bin Ismail, Swifa ya Nguvumali, ambao Peter Lienhardt aliutoa kitabuni mwaka 1968, humtukuza mganga aliyewafichua waovu. Mganga awaambiaye wateja wake kwamba hapa hapana mchawi, mtoto na apelekwe zahanati, hutolewa nusu ya ada, na kesho yake mteja huonekana amekaa uani kwa mganga mwingine.